Pima Kabla ya Kubadilisha: Kwa Fundi Anayeanza Kazi ya Redio za Magari

Gari likiletwa na mwenyewe akalalamika kwamba redio aliyofungiwa haitoi sauti inavyostahili, fundi anayeanza kazi hii huwa na hamu ya kufungua dashibodi papo hapo na kuagiza redio nyingine au spika nyingine. Ningependa uizuie hamu hiyo. Katika kazi ninayoifanya hapa Nakuru, nikipokea magari ya mjini pamoja na yale yanayotoka Kericho, Kisumu na Kakamega, mara nyingi redio ni nzima na spika ni nzima. Kasoro hukaa katikati yake, kwenye viungo vya nyaya, kwenye ethi (njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri kupitia chuma cha bodi ya gari), au kwenye umeme unaoingia. Kwa hiyo usibadilishe kitu chochote cha mteja mpaka uwe umejua, kwa kusikiliza na kwa kupima, kasoro iko wapi kati ya betri na koni ya spika. Spika mpya zikifungwa kwenye waya mbovu zitakuwa na sauti mbovu vilevile, na pesa za mteja zitakuwa zimeenda bure.

Inafaa pia ujue kwa nini magari yetu mengi yana redio zisizo zake. Sehemu kubwa ya magari haya hununuliwa Japani yakiwa yametumika, na redio za huko zilitengenezwa kupokea FM ya megahezi 76 hadi 90, upeo ambao baadaye ulipanuliwa hadi 95, ilhali vituo vya Kenya hutangaza kati ya 87.5 na 108. Mwenye gari hujikuta anapata vituo vichache tu. Wengine huwekewa kifaa kidogo cha kuteremsha masafa, lakini wengi huamua kuitoa redio ile na kufunga nyingine. Tena ziko redio za Kijapani zenye ramani ambazo betri ikitolewa hujifunga na kudai namba ya siri, na hizo nazo huishia kutolewa. Maana yake kwako ni kwamba utakachokikuta nyuma ya dashibodi ni kazi ya mikono ya watu wawili au watatu waliokutangulia, kila mmoja akiwa amekata na kuunga kwa namna yake, na huna haki ya kuamini rangi ya waya wowote kabla hujaupima.

Kabla ya kushika bisibisi, uliza maswali. Je, kasoro ilianza siku ile redio ilipofungwa, au ilijitokeza baadaye? Kasoro iliyokuwepo tangu siku ya kwanza huwa ni ya mpangilio wa nyaya, na ile iliyojitokeza baada ya miezi huwa ni ya kiungo kilicholegea, waya uliokatika au maji yaliyoingia. Inasikika injini ikiwa imezimwa, au mpaka iwashwe? Ipo kwa kila kinachochezwa, au kwa FM peke yake? Ikiwa nyimbo za fleshi zinatoka safi lakini FM inakwaruza, usihangaike na spika, kwa maana spika hazijui sauti imetoka wapi. Kasoro iko kwenye antena au kwenye kitu kinachoichafua. Ikiwa ni Bluetooth tu inayokatakata, jaribu simu nyingine kwanza. Majibu haya hayachukui hata dakika tano, na yatakuokoa kazi ya mchana mzima.

Kipimo cha kwanza kabisa kimo ndani ya redio yenyewe, nacho ni ile sehemu ya kuhamisha sauti kushoto na kulia, mbele na nyuma. Peleka sauti yote kwenye kona moja, usikilize mlango huo peke yake, kisha uende kona ya pili, mpaka umalize zote nne. Ukikuta kona moja iko kimya, zima redio, ubadilishane nyaya za spika hiyo na za spika nzima ya upande wa pili palepale nyuma ya redio. Ukimya ukihamia upande wa pili, tundu hilo la redio ndilo limeharibika. Ukimya ukibaki mlango uleule, redio haina hatia, na sasa unatafuta kwenye waya au kwenye spika yenyewe.

Hapo ndipo mita, kifaa cha kupimia umeme, inapoingia. Chomoa plagi ya redio, weka mita kwenye omu, yaani kipimo cha ukinzani, upime ncha mbili za waya unaokwenda kwenye spika hiyo. Spika iliyoandikwa omu 4 husoma kati ya 3 na 4, kwa sababu mita hupima ukinzani wa koili, ule waya uliozungushwa ndani ya spika, peke yake. Ikisoma karibu na sufuri, nyaya zimegusana mahali fulani. Isiposoma kabisa, ama waya umekatika ama koili imeungua. Usiishie hapo: pima pia kati ya kila ncha na bodi ya gari, na hapo mita haipaswi kusoma chochote. Tahadhari moja ni ya zile spika ndogo za sauti kali, twita. Nyingi zina kapasita iliyofungwa kwenye waya wake, na kapasita hukataa umeme wa mita, kwa hiyo twita nzima inaweza kuonekana kama imekufa. Usiihukumu kwa mita. Na katika baadhi ya Toyota, waya wa spika ya mlango hupitia kwanza kwenye plagi ya twita, kiasi kwamba ukichomoa twita, mlango mzima hunyamaza. Hiyo si kasoro, ndivyo gari lilivyotengenezwa.

Kuna malalamiko ambayo huwasumbua sana wanaoanza kwa sababu kila kitu huonekana kizima: spika zote zinalia, hakuna kelele yoyote, lakini besi haipo, na sauti ya mwimbaji haieleweki inatokea upande gani. Mteja atakuambia spika ni hafifu. Wewe hamisha sauti yote upande wa kushoto. Besi ikirudi ghafla, kisha ikapotea tena unaporudisha katikati, basi spika moja imeunganishwa kinyume, chanya ikiwa mahali pa hasi, na koni yake inarudi nyuma wakati za wenzake zinakwenda mbele, hewa inayosukumwa na moja ikafutwa na nyingine. Kuijua ni ipi, chukua betri ndogo ya volti 1.5, ile ya rimoti, uiguse kwenye nyaya za spika kwa kitambo kidogo tu, redio ikiwa imechomolewa. Chanya ikigusa chanya, koni huruka kuelekea nje. Ikivutwa ndani, umeipata. Usitumie betri ya gari kwa kipimo hiki, maana volti 12 zitaichoma koili.

Sasa nitakaa kidogo kwenye rangi za nyaya, kwa kuwa hapa ndipo redio nyingi mpya huuawa siku ya kwanza. Plagi inayokuja na redio mpya hufuata mpangilio unaojulikana: manjano ni umeme wa kudumu unaohifadhi saa na vituo, nyekundu ni umeme unaokuja ukizungusha ufunguo, nyeusi ni ethi, buluu ni ya antena, buluu yenye mstari mweupe ni ya kuamsha amplifaya, yaani kikuza sauti cha nje. Spika za mbele ni nyeupe kwa kushoto na kijivu kwa kulia. Za nyuma ni kijani kwa kushoto na zambarau kwa kulia. Na kila waya wenye mstari mweusi ni hasi ya mwenzake. Lakini rangi hizo ni za redio, wala si za gari. Katika Toyota nyingi, umeme wa kudumu huja kwenye waya wa buluu wenye manjano, umeme wa ufunguo huja kwenye kijivu, na ethi ni ya kahawia. Ile nyeusi unayoiona kwenye plagi ya Toyota ni chanya ya spika ya nyuma kushoto, na ile ya manjano ni hasi yake. Fundi anayeunga manjano kwa manjano na nyeusi kwa nyeusi amepeleka umeme wote wa redio kwenye spika, na hata redio isipoharibika siku hiyo, haitawaka. Katika magari ya Volkswagen nako, umeme wa kudumu na ule wa ufunguo mara nyingi hubadilishana nafasi kwenye plagi, na dalili yake ni redio inayosahau vituo na saa kila mara gari linapozimwa. Pima kila waya wa gari, ufunguo ukiwa umezungushwa na ukiwa umetolewa, uandike ulichokiona, ndipo uunge.

Jambo jingine ambalo kila anayeanza lazima alielewe kwa undani ni kwamba hasi ya spika si ethi. Amplifaya iliyomo ndani ya redio za siku hizi huendesha ncha zote mbili za spika, moja ikisukuma wakati nyingine inavuta. Ukiunga hasi za spika pamoja, au ukaipeleka moja kwenye bodi ya gari ili kuokoa waya, redio itajikinga kwa kuzima sauti baada ya muda mfupi, au chipu yake itaungua. Kwa kulijua hili unapata kipimo kizuri sana. Washa redio, punguza sauti hadi mwisho, weka mita kwenye volti za DC (umeme usiobadilika mwelekeo), ncha nyeusi kwenye bodi ya gari, kisha uguse kwa ncha nyekundu waya mmoja baada ya mwingine katika zile nane za spika. Katika redio nyingi kila mmoja utasoma karibu nusu ya umeme wa gari, yaani volti 6 au 7. Ukikuta saba zinasoma 6 na mmoja unasoma sufuri, huo mmoja umegusa bodi mahali fulani, au tawi lake la chipu limekufa. Kisha pima kati ya chanya na hasi ya spika ileile: hapo panatakiwa kuwa karibu na sufuri. Mita ikionyesha volti moja au zaidi, chomoa spika hiyo mara moja, kwa sababu umeme usiobadilika unapita kwenye koili na kuipasha moto hata wakati hakuna wimbo unaochezwa.

Waya uliogusa bodi huwa wapi? Anzia mlangoni. Nyaya za spika ya mlango hupita ndani ya mpira ulio kati ya mlango na nguzo ya gari, na kila mlango unapofunguliwa zinakunjwa na kukunjuliwa. Katika magari yanayobeba abiria, Probox hasa, ambazo katika barabara za magharibi mwa Kenya milango yake haipumziki kuanzia alfajiri, nyaya hizo hukatika ndani ya ganda lake la plastiki huku nje zikionekana nzima. Cheza wimbo wenye sauti isiyokatika, ufungue mlango polepole hadi mwisho, uufunge polepole, huku mkono mwingine ukiupapasa ule mpira. Ukisikia sauti inarudi mlango unapofika mahali fulani na kupotea ukipita hapo, huna haja ya kufungua dashibodi. Chomoa mpira upande mmoja, uvute nyaya nje kidogo, na utaona ganda limepauka au shaba imegeuka kijani. Unapotengeneza, usiunge hapo hapo ndani ya mpira, kwa sababu kiungo kigumu mahali panapokunjwa kitakatika tena. Badilisha kipande kirefu cha waya ili viungo viwe ndani ya mlango na ndani ya gari, mahali pasipocheza.

Tuje kwenye ule mlio ambao kila fundi hukutana nao: mlio mwembamba unaopanda unapokanyaga mafuta na kushuka unapoachilia. Huo ni umeme wa altaneta, mashine inayochaji betri injini ikizunguka, unaoingia kwenye sauti, na mara nyingi mlango wake ni ethi mbaya. Anza kwa kupima afya ya umeme wenyewe. Betri iliyojaa, gari likiwa limepumzika, husoma karibu volti 12.6. Injini ikinguruma, kwa kawaida utapata kati ya 13.8 na 14.4. Kisha geuza mita kwenye kipimo cha AC (umeme unaobadilika mwelekeo), injini ikiwa bado inanguruma, upime vichwa vya betri: ikizidi nusu volti, daodi za altaneta, vipande vinavyogeuza AC yake kuwa DC, zinafaa kushukiwa, na gari hilo lipelekwe kwa fundi wa umeme wa magari kabla hujaendelea.

Umeme ukiwa safi, pima ethi ya redio, na uipime ikiwa inafanya kazi, wala si gari likiwa limelala. Washa injini, washa taa kubwa na feni, ucheze wimbo wenye besi kwa sauti ya juu. Mita iwe kwenye volti za DC. Ncha nyeusi iguse kichwa hasi cha betri yenyewe, ukitumia waya mrefu ikibidi, na ncha nyekundu iguse ganda la chuma la redio. Ethi njema haizidi volti 0.1 au 0.2. Ukiona 0.8, na nambari ikirukaruka kila besi inapopiga, umekwisha kuupata ugonjwa. Mara nyingi ukifuata waya mweusi utaukuta umefungwa kwenye skrubu inayoshika kipande cha plastiki, au kwenye chuma chenye rangi ambayo haijakwanguliwa, au umezungushwa kwenye waya mwingine mwembamba na kufunikwa tepu. Tafuta bolti inayoingia kwenye bodi yenyewe, kwangua rangi hadi chuma king'ae, fungia waya kwenye kichwa cha pete kilichobanwa vizuri, ukaze, kisha upake grisi kidogo ili kutu isiingie. Rudia kipimo kilekile uone nambari imeshuka. Upande wa umeme unaoingia pia upimwe kwa njia hiyohiyo, kati ya kichwa chanya cha betri na waya wa manjano wa redio, na kwa kiwango hichohicho.

Gari likiwa na amplifaya ya nje, gawa safari ya sauti vipande viwili. Chomoa nyaya za RCA, zile zinazobeba sauti kutoka kwenye redio, pale zinapoingia kwenye amplifaya. Mlio ukiendelea, kasoro iko kwenye umeme au ethi ya amplifaya. Ukinyamaza, kasoro inatoka mbele, kwenye redio au kwenye RCA zenyewe. Sasa peleka wimbo wa simu moja kwa moja kwenye amplifaya kwa waya wa kugeuzia, wenye plagi ya simu upande mmoja na RCA upande wa pili, simu ikiwa haijachomekwa kwenye chaja. Ikiwa safi, rudi kwenye redio, upime kwa omu kati ya ganda la nje la tundu la RCA na ganda la redio. Panatakiwa kusoma karibu na sufuri. Pasiposoma, ethi ndogo iliyomo ndani ya redio imeungua, jambo linalotokea pale mtu anapochomoa na kuchomeka RCA huku umeme ukiwa unapita. Nyaya nene za umeme zipite upande mmoja wa gari na RCA zipite upande mwingine. Zikilazimika kukutana, zipishane kwa kukatana, zisilale sambamba. Ethi ya amplifaya iwe fupi, isizidi nusu mita, na unene wake uwe sawa na ule wa waya wa chanya. Fyuzi ya waya huo mnene ikae karibu na betri, ndani ya sentimita 45, kwa maana kazi yake ni kuzuia moto waya ukichunika, na waya ulio kati ya betri na fyuzi hauna ulinzi wowote.

Vipo vichujio vinavyouzwa vya kuchomekwa kwenye RCA ili kuua mlio. Mimi sivipendi. Vya bei ya chini hula besi, na vinaficha ethi mbaya ambayo kesho itaunguza kitu kingine. Nitakubali kukitumia pale tu ambapo nimekwisha kupima ethi zote na kuziona ni njema.

Sauti inayopasuka inahitaji maelezo kwa mteja kuliko inavyohitaji bisibisi. Kwenye boksi la redio kumeandikwa wati 50 mara nne, na mteja anaamini. Mchukulie kalamu. Umeme wa gari ni volti 14.4, zidisha kwa zenyewe unapata karibu 207, gawanya kwa 8, yaani mara mbili ya omu 4 za spika, unapata karibu wati 26. Hicho ndicho kikomo cha sauti safi ambacho redio inayotegemea umeme wa gari peke yake inaweza kukipeleka kwenye spika ya omu 4, na kwa kweli ni chini kidogo ya hapo. Zaidi ya hapo kilele cha wimbi la sauti hukatwa, na ndiko kupasuka unakokusikia. Punguza besi iliyoongezwa kwenye mpangilio wa redio, urudishe kila kitu katikati, usikilize tena. Redio za Android hasa huja na mipangilio mingi ya kuongeza besi, nayo ikirundikana sauti hupasuka hata kabla ya nusu. Angalia pia kama kuna mtu aliyeongeza spika kwa kuziunga kwenye waya wa spika nyingine: mbili za omu 4 zikiungwa sambamba huwa omu 2, na redio iliyotengenezwa kwa omu 4 itachemka na kujizima. Mteja akitaka sauti kubwa, jibu la kweli ni amplifaya ya nje. Na gaini ya amplifaya, kile kirekebisho cha kuilinganisha na nguvu ya sauti inayotoka kwenye redio, si kitufe cha sauti: weka redio kwenye robo tatu ya sauti yake, pandisha gaini polepole mpaka uanze kusikia kupasuka, urudi nyuma kidogo, uiache hapo.

Kuhusu FM nitasema kwa ufupi. Magari mengi ya Kijapani yana antena iliyochorwa kwenye kioo, ikiwa na kikuza mawimbi kinachohitaji umeme wa waya wa buluu. Fundi akiuacha waya huo ukining'inia, mteja atapata vituo vilivyo karibu tu. Kisha chomoa kila kitu kilicho kwenye tundu la kuwashia sigara: chaja, kamera ya kioo, kile kifaa cha kurushia nyimbo za simu. Chaja za bei ya chini huchafua FM kuliko kitu kingine chochote ninachokijua. Lakini umwambie mteja ukweli pia. Mawimbi ya FM hayapindi milima, na anayetoka Nakuru kupitia Kericho kushuka Ahero atapoteza vituo vya huku na kupata vya kule hata awe na redio ya aina gani.

Mabasi na malori ni somo lake peke yake, nami nitagusa moja tu. Isuzu NQR na wenzake hutumia volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zilizofuatana, ilhali redio na amplifaya zetu ni za volti 12. Usichukue umeme katikati ya betri hizo mbili. Redio itacheza vizuri, ndiyo, lakini betri moja itakuwa inanyonywa kuliko mwenzake, altaneta itazichaji kana kwamba ziko sawa, moja ikae na njaa na nyingine ichemke, na baada ya muda mwenye gari atanunua zote mbili. Funga kipunguza umeme chenye uwezo wa ampea unaozidi ule unaohitajika, ukiweke mbali na waya wa antena, na ethi yake iwe fupi. Ukisikia mvumo kwenye FM pekee baada ya kukifunga, kisogeze kabla ya kulaumu redio.

Viungo vyenyewe vifanye kwa heshima. Kusokota shaba na kufunga tepu hakutoshi katika nchi hii. Joto la Kisumu huyeyusha gundi ya tepu ndani ya gari lililoegeshwa juani, tepu ikateleza, nyaya zikagusana. Vumbi la Nakuru nalo hujaza palipobaki wazi. Lehemu kwa risasi na ufunike kwa mpira unaosinyaa kwa moto, au ubane kwa viungo vya kubana kwa koleo lake. Ukifungua mlango, ile karatasi ya plastiki iliyo nyuma ya kifuniko chake irudishwe na kugandishwa pande zote, kwani maji ya mvua huteremka ndani ya mlango kila siku, na karatasi hiyo ndiyo inayoyazuia yasiingie ndani ya gari na kulowesha plagi na viungo vyako. Kule Kakamega, ambako mvua hunyesha karibu mwaka mzima, spika ya karatasi ikiloweshwa mara kwa mara haidumu. Na ndani ya dashibodi, plagi za manjano ni za mifuko ya hewa ya usalama: usizipime, usizichomoe, usiziegemezee redio.

Kabla ya kumwita mwenye gari, sikiliza tena kona zote nne, injini ikiwa imezimwa na ikiwa imewashwa, ukikanyaga mafuta na kuachilia. Zima gari, toa ufunguo, hakikisha redio imezimika kabisa, kwa sababu waya wa nyekundu ukiwa umeungwa kwenye umeme wa kudumu betri itakuwa imelala asubuhi. Zungusha ufunguo tena, uone kama saa na vituo vimebaki. Jaribu indiketa, hazadi, feni na kamera ya nyuma, kwa kuwa zote zina plagi nyuma ya palepale ulipokuwa umetia mkono. Kisha chukua kipande cha karatasi, uandike kila waya wa gari lile na kazi yake kama ulivyoipima, tarehe, na ukubwa wa fyuzi uliyoiacha, ukibandike juu ya redio kabla ya kuisukuma ndani, ili fundi atakayeifungua baada yako asilazimike kubahatisha.